Kulabu Mbili za Elius na Sudi

Elius alizaliwa Kifanya, katika ukoo wa Kibena uliokuwa ukilima mahindi na viazi kwenye miteremko ile tangu enzi za babu zake. Yeye jembe hakulipenda sana. Kabla hata hajaoa alikwenda Makambako, akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao, na kazi aliyopewa siku ya kwanza ndiyo aliyozeekea: kubingirisha magogo.

Kiwanda hicho kiko nje kidogo ya mji. Malori hushusha magogo ya paina uwanjani, na kutoka pale hadi kwenye msumeno hakuna mashine ya kuyapeleka. Ni watu na vyuma vyao. Kuna mtaimbo wa kunyanyulia, kuna kabari za kuzuia, na kuna kulabu. Kulabu ni mpini wa mti wa mlingoti, mrefu kama mtu mzima, na kwenye ncha yake kuna chuma kilichopinda chenye jino. Unalitia jino kwenye gome, unavuta mpini kuja kwako, na gogo ambalo watu sita wasingeweza kuliinua linageuka taratibu kama mtu anayejigeuza usingizini.

Lakini kulabu moja haitoshi. Zinatakiwa mbili, moja kila upande wa gogo, na walioshika sharti wavute kwa pamoja. Mmoja akitangulia, gogo linakwenda mshazari. Mmoja akiachia kabla ya mwenzake, linarudi. Ndiyo maana watu wa kulabu hufanya kazi kwa kuitana: geuza, shikilia, geuza.

Kulabu ya pili ilikuwa ya Sudi. Sudi alikuwa mtu wa Kondoa. Alifika Makambako akiwa utingo wa lori, akampenda binti mmoja anayeitwa Maua aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, akamwoa na kubaki. Alikuwa mdogo kwa Elius kwa miaka mingi, mwembamba, mwenye maneno mengi. Elius hakuwa na maneno. Walipatana hivyohivyo. Mwezi wa Ramadhani, Elius alikula chakula chake cha mchana nyuma ya stoo ili asile mbele ya macho ya mwenzake, na Krismasi ilipofika Sudi alipanda gari na mkewe hadi Kifanya kula pilau ya Kristina, mke wa Elius.

Sudi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba Elius hasikii.

Halikuwa jambo la ghafla. Miaka ya kusimama karibu na msumeno ilimtafuna masikio kidogo kidogo. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: ndege, watoto, simu ya mkononi. Kanisani, ambako aliimba sauti ya nne katika kwaya ya usharika, alianza kuchelewa kuingia, hadi mwalimu wa kwaya akamwomba kwa upole apumzike. Nyumbani Kristina alidhani mumewe amekuwa mkaidi. Kiwandani hakuna aliyeona kitu, maana pale kila mtu hupiga kelele na kila mtu husema "eee?"

Siku moja Sudi alimwita mara kadhaa kutoka upande wa pili wa gogo, na Elius hakugeuka. Sudi akazunguka, akasimama mbele yake.

"Kaka Elius, unanisikia kweli?"

Elius alitazama midomo yake. Kisha akatazama chini.

"Wakijua wataniondoa," alisema. "Nina watoto shuleni."

Sudi alirudi upande wake, akachukua kulabu na kuligonga gogo kwa mpini. Mshindo huo ulipita ndani ya mti, ukafika kwenye mikono ya Elius. Wakakubaliana papo hapo. Kugonga mara moja, shikilia. Mara mbili, geuza. Tangu siku ile walifanya kazi hivyo, na wenzao wakadhani ni mbwembwe zao tu. Msimamizi aliwahi hata kuwasifu kwamba ndio watu pekee wasiomsumbua kwa makelele.

Wakaenda hivyo miaka kadhaa.

Ajali ilitokea asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha na manyunyu yakiendelea. Lori lilileta gogo nene kupita kawaida, limejaa tope. Walikuwa wanalipandisha juu ya miti miwili inayoelekea kwenye msumeno, Elius upande wa juu, Sudi upande wa chini, na nyuma ya Sudi kulikuwa na rundo la magogo mengine. Katikati ya mteremko gome likabanduka chini ya jino la kulabu ya Sudi. Kulabu ikateleza. Sudi aliuwahi mpini, akaubana kwa mikono miwili na bega, na gogo likasimama. Mkono wa kugongea hakuwa nao. Akapiga kelele.

"Shikilia! Kaka, shikilia!"

Aliyekuwa kwenye msumeno alisikia. Mwanamke aliyekuwa akibeba mbao getini alisikia. Elius alihisi tu gogo limetulia mikononi mwake, akadhani limekaa kwenye kabari kama kawaida. Basi akafanya kama alivyozoea: akachomoa kulabu yake ili aitie upya.

Gogo likarudi.

Walilisogeza kwa mitaimbo wakamtoa Sudi, wakampeleka hospitali kwa gari la kiwanda. Hakuishi kufika adhuhuri. Alizikwa jioni ileile kwenye makaburi ya Waislamu, na Elius alisimama nyuma kabisa, viatu vyake vikiwa bado na tope la kiwandani.

Watu waliokuja kuuliza waliandika kwamba gogo liliteleza kwa sababu ya mvua. Hakuna aliyemlaumu Elius. Kila aliyemshika mkono alimwambia pole, na kila pole ilimzidishia uzito. Mwishoni mwa juma alikwenda kwa mwenye kiwanda, akamweleza kuhusu masikio yake, akaacha kazi. Kisha akamwambia Kristina, "Lazima shemeji ajue. Twende."

Maua alikuwa amekaa eda. Kristina aliingia chumbani alikokuwa pamoja na wanawake wengine. Elius akabaki sebuleni kwenye mkeka, mbele ya pazia la mlangoni. Pembeni yake alikaa Musa, mdogo wake Sudi, dereva wa lori, aliyekuja kwa msiba. Elius aliliambia pazia kila kitu. Alisema hasikii, Sudi alijua, Sudi alimfichia siri. Alisema, "Aliniita, shemeji. Wengine wote walimsikia."

Akangoja. Pazia lilikuwa zito, la maua mekundu. Aliona linatikisika kidogo. Alihisi kama kuna mtu anazungumza upande wa pili, maana Musa aliinamisha kichwa. Yeye hakusikia hata neno moja, na hakuthubutu kumwomba mjane arudie.

Njiani alimshika Kristina mkono, akamgeuza ili aone uso wake.

"Kasema nini?"

"Kasema ni mipango ya Mungu."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, baba Erica."

Alichosema Maua ni hiki: "Nilijua. Nilimwambia Sudi aombe mtu mwingine, nikamwambia masikio ya huyu mzee yatakuua. Akasema, nikimwacha mimi nani atamshika? Haya, nimesikia. Lakini asirudi hapa kwangu tena."

Kristina aliyabeba maneno yale peke yake. Alipika nayo, akaenda nayo shambani na kanisani. Aliona mumewe ameanza kulala walau saa chache, kwa sababu ya ule uongo, na hakuwa na moyo wa kuuondoa.

Lakini arobaini ilipokaribia, Elius alichagua viazi vizuri, akajaza gunia na kulishona. Asubuhi alivaa koti lake la ibada. Kristina alimkuta mlangoni akitafuta mtu wa kumbebea mzigo hadi barabarani. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, kama mtu anavyomshika mtoto, akasema polepole ili midomo ionekane.

"Usiende. Alisema usirudi."

Elius alikaa juu ya gunia.

"Ungeniambia siku ile," alisema.

"Siku ile ungekufa."

Elius alivua koti, akalitundika, akaenda shambani na viatu vya ibada. Gunia lilipelekwa na kijana wa jirani, likapokelewa, na hakuna salamu iliyorudi.

Masika yakapita, kipupwe kikaingia na baridi yake. Siku moja lori lilisimama karibu na nyumba ya Elius. Musa alikuwa amekuja Kifanya kupakia mbao, akaulizia nyumba akaonyeshwa. Walimpa chai. Alizungumza na Kristina kwanza, kisha akamgeukia Elius na kuongea akimtazama usoni, neno moja moja. Maua alimaliza eda, akauza vitu vyake na kurudi na watoto kwao Singida. Makambako hakuna tena ndugu wa Sudi wa kulitazama kaburi.

"Mimi ni mtu wa njiani," alisema Musa. "Leo nalala Makambako, nitapita pale. Kama unataka, twende."

"Shemeji alisema nisirudi."

"Alisema nyumbani kwake. Nyumba hiyo haipo tena."

Elius alimtazama mkewe. Kristina akaenda kumletea koti.

Walifika jua likiwa linashuka. Nyasi zilikuwa zimelifunika kaburi, wakazing'oa kwa mikono, kila mmoja upande wake. Kisha Musa akasimama, akakunjua viganja na kuanza dua. Elius alivua kofia. Hakujua maneno yale hata kabla ya kupoteza masikio. Aliitazama mikono ya Musa, ili dua itakapokwisha ajue, na ilipokwisha yeye alibaki amesimama vilevile, akilia bila kujua kama sauti yake inatoka au haitoki.

Musa hakumgusa. Alirudi akamsubiri kwenye lori, mlango ukiwa wazi.