Umeme wa Saa Tisa

Kitabu cha kwanza cha Fundi Mdogo kilimla miaka tisa. Huo ni muda wa mtoto kuzaliwa, kuota meno, kuyang'oa na kuota mengine, na wala sitii chumvi. Jina la Fundi Mdogo alipewa na wateja, tena si kwa sababu ya kimo, maana ni mama wa watoto watatu na mwili anao. Ni kwa kuwa katika chumba kile cha ushonaji yupo Fundi Mkubwa, ambaye ni wifi yake, dada wa mumewe, na ndiye mwenye chumba. Mkubwa anapima na kukata, Mdogo anaunga. Wanashona sare za shule mwaka mzima, na kila shule ina rangi yake na malalamiko yake.

Hadithi yenyewe haikuwa na sare hata moja. Ilikuwa juu ya nchi ambayo mito yake hupanda mlima badala ya kushuka, kwa sababu kileleni limekaa jitu linalovuta maji yote na kuyanywa. Binti mmoja, mchimba visima, anafunga safari kwenda kuliuliza litashiba lini. Ilimjia Fundi Mdogo mchana mmoja akiwa anapiga pindo la sketi ya themanini na ushee, akashtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Jioni alinunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Hakumwambia mtu, ila mumewe, naye alisema, "Andika mama, mimi nitasoma," kisha akavaa koti lake akaenda lindoni.

Shida ilikuwa lini na wapi. Mumewe analinda ghala usiku na kulala mchana, na nyumba ni vyumba viwili vyenye pazia badala ya mlango. Watoto wakirudi, meza pekee ya nyumba ni ya hesabu zao. Kazini nako ni kazini. Cherehani zote mle ndani ni za umeme, zile za kukanyaga waliziuza zamani, kwa hiyo umeme ukiwapo zinanguruma toka asubuhi hadi jioni. Basi zikabaki zile saa ambazo umeme umekatika.

Na miaka ile umeme ulikatika haswa. Kila ulipokatika, Mkubwa alinuna. Kinyozi wa chumba cha pili, ambaye wanatumia naye mita moja ya umeme, alitoka mlangoni kuapiza huku mteja wake amenyolewa upande mmoja. Fundi Mdogo alivuta daftari kutoka chini ya mto wa kiti chake, akasogea dirishani kwenye mwanga, akaandika mpaka mashine zilipoanza tena. Wenzake walidhani ni mtu mwenye subira ya ajabu.

Siri haikukaa mwaka. Mkubwa alimkuta, akalisoma lile daftari amesimama, mkono mmoja kiunoni.

"Wifi, hili jitu linavaa nini?"

"Sijafikiria, wifi."

"Hujafikiria! Fundi wa nguo mzima, unamweka mtu kileleni kwenye baridi, hujui anavaa nini? Shati lake linachukua mita ngapi?"

"Wifi, ni hadithi tu."

"Hadithi tu ndiyo litembee uchi?"

Alicheka mpaka akashika mbavu, na kuanzia siku hiyo jitu likawa mzaha wa chumba kizima. Mteja mnene akiingia, Mkubwa alimkonyeza wifi yake wampime kimoyomoyo shati la jitu. Mdogo alichukia kwa siku mbili, ya tatu akapiga hesabu. Shati lilikula mita mia sita na kumi, bila kola. Akaandika sura nzima ya mafundi arobaini wanaolishonea jitu shati huku wakining'inia kwa kamba, wakigombania nani ashone kwapa. Hakumwambia Mkubwa kwamba sura hiyo ilitoka kwenye mdomo wake, maana angevimba kichwa.

Kwa miaka minne alipata nusu ya kitabu. Halafu mtaa ukaletewa transfoma mpya.

Watu walishangilia. Kinyozi alinunua feni. Umeme ukawaka juma la kwanza, ukawaka mwezi, ukawaka msimu mzima bila kupepesa, na Fundi Mdogo akabaki na binti yake katikati ya mlima, mguu mmoja juu. Alijiambia ataandika wakati wa chakula cha mchana, lakini kila mchana kulikuwa na kifungo cha mtu, zipu ya mtu, mzazi mlangoni na mtoto anayeanza shule kesho. Hakuna aliyemkataza. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akisema, "Hii moja tu, kisha nitakaa." Ikapita miezi kumi na minne. Alipofungua daftari hakumjua tena mtu anayesema kwenye ukurasa wa mwisho, ni binti au ni jitu, na hilo lilimuuma vibaya. Alilitia daftari kwenye gunia la vipande vya kitambaa, vile ambavyo huchukuliwa na mtengeneza mito.

"Nimeacha, wifi," alisema, macho kwenye sindano.

"Umeacha nini?"

"Kile kitabu. Nilikuwa najidanganya."

Mkubwa hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa chake. "Afadhali. Lile jitu lilishaanza kunichosha."

Fundi Mdogo aliumia, lakini alijikaza. Asubuhi yake alikuta daftari limerudi chini ya mto wa kiti. Alidhani mtengeneza mito ndiye aliyelitoa gunia lilipofunguliwa, na hakuuliza. Na siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, umeme ukakatika.

Ulikatika na kesho yake saa tisa. Na keshokutwa. Ukawa unakatika saa tisa na kurudi saa kumi kasoro, kama mfanyakazi wa serikali aliyekwenda kunywa chai. Mkubwa kila mara alikuwa uani umeme ukikatika, na kila mara alirudi akisonya: "Hawa watu hawana haya, wametuwekea transfoma ya nini?" Mdogo hakuwa na muda wa kusonya, wala wa kuchungulia nje kuona nani ana umeme na nani hana. Alikuwa na dakika hamsini. Alizoea kuanza kutunga sentensi saa nane na nusu mikono ikiwa bado kwenye kitambaa, ili giza likiingia chumbani aimwage tu.

Mwezi wa kufungua shule ulikuwa mgumu. Mashati mia mbili yalichelewa siku tatu, na mhasibu wa shule alikuja akamfokea Mkubwa mbele ya wateja kana kwamba ni mtoto. Mkubwa alisema, "Umeme, bwana, tutafanyaje," akainamisha kichwa. Siku hiyo Fundi Mdogo alimwonea huruma sana wifi yake. Saa tisa umeme ulikatika kama kawaida.

Miaka miwili na nusu baadaye binti alifika kileleni. Mchapishaji wa kwanza alikaa na mswada mwaka mmoja, akaurudisha na mistari miwili ya pole. Wa pili alikuwa na mhariri, mama mmoja mkali wa miwani, aliyemfyekea sura tatu za mwanzo na kumwambia kwamba ile ya mafundi arobaini isiguswe hata nukta. Mdogo alilia kwa zile tatu, kisha akakiri kuwa kitabu sasa kinapumua. Akaambiwa limebaki jambo dogo tu, ukurasa wa shukrani, upelekwe kabla ya Ijumaa.

Aliuandika kwa dakika kumi, maana shukrani zilikuwa zimemjaa tele. Alhamisi asubuhi aliusoma kwa sauti kazini. Kinyozi alisimama mlangoni na kitana chake. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru mumewe, aliyesoma kila sura lindoni na kurudi asubuhi na maswali. Alimshukuru mhariri. Alimshukuru wifi yake kwa kumpa kazi na kwa kumvumilia.

"Na mwisho," alisoma, "nalishukuru shirika la umeme, kwa kukata umeme kila siku saa tisa. Bila wao kitabu hiki kisingekwisha."

Kinyozi alitoa sauti ya mtu aliyepaliwa. Mkubwa aliweka mkasi mezani.

"Shirika la umeme?" alisema. "Miaka miwili na nusu napanda kigoda na goti langu hili kuzima swichi kuu kule uani, natukanwa na mhasibu mzima wa shule, halafu shukrani zinaenda shirika la umeme?"

"Na mimi je?" alidakia kinyozi. "Vichwa nilivyoviacha nusu? Nilimwomba wifi yako dakika tano nimalize mtu kisogo, akaninyima!"

Fundi Mdogo alishusha ukurasa. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikumbuka yale mashati mia mbili, na kichwa cha wifi yake kikiinama.

"Wifi," alisema mwishowe, "si ungeniambia tu? Ungesema, kaa hapo saa moja uandike."

"Nilikujua. Ningekwambia kaa, ungesema shati hili kwanza, wifi, na lile, na lile. Nafasi ukipewa na mtu unaona aibu kuichukua. Umeme ukikatika huna wa kumwonea aibu."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli Fundi Mdogo alilia, si machozi ya kupangusa kwa kidole bali kilio chenyewe, cha mabega. Hakuna aliyewahi kumfanyia jambo kubwa namna hiyo, na lilifanyika mita nne kutoka kwenye kiti chake. Mkubwa aliwahi kuondoa kitambaa cheupe mbele yake.

"Usiniloweshee kazi ya watu."

Alipotulia alichukua kalamu, akakata mstari wa mwisho, akaandika mwingine. Mkubwa aliuvuta ule ukurasa akausoma, midomo ikicheza.

"Ondoa hii. Mhasibu akisoma kwamba umeme nilizima mwenyewe, nimekwisha. Andika umenishukuru kwa uvumilivu, inatosha."

"Siondoi, wifi."

"Nakwambia ondoa. Halafu maliza hizo kaptura, zinachukuliwa mchana."

"Kaptura zitangoja," alisema Fundi Mdogo, kwa mara ya kwanza tangu aingie chumba kile. Akakunja ukurasa, akavaa viatu vyake, akatoka kuupeleka kwa mhariri ulivyo.