Kocha Tuliyemuunga Mkono Mno

Timu ya watoto wetu wa sekondari hapa Norsborg, Uswidi, ilipokosa kocha mkuu, sisi wazazi tuliunda kamati. Aliyeomba kazi alikuwa mmoja tu, mama kutoka Burundi aliyewahi kuchezea klabu kubwa kwao. Tulimhoji kuhusu kanisa lake na ndoa yake, na mimi nikamuuliza kama anajua kupika pilau. Mpira hakuna aliyeugusia. Tulimwajiri kwa makofi, tukaahidi kumuunga mkono kwa hali na mali.

Mechi ya kwanza ilikuwa Tumba, mji wa jirani, na ahadi tuliitimiza. Tulijipanga kando ya uwanja, huyu akipiga kelele "Pandeni!", yule "Rudini nyuma!", kila mtu kwa Kiswahili cha kwao. Watoto, ambao nyumbani hutujibu kwa Kiswidi, walisimama wakitushangaa. Kufikia mapumziko tulikuwa tumefungwa matatu.

Kocha akatufuata. "Ndugu wazazi, nani amekuja na gari?"

Tukanyoosha mikono kwa fahari.

"Basi nendeni mkakae humo, na mfunge vioo."

Tulikaa tukinung'unika kwamba hana adabu. Kipindi cha pili watoto walirudisha mabao yote matatu. Kamati ilipokutana tena, tulijipongeza kwa kauli moja: kuchagua kocha tunajua.