Chukudu Ndani ya Kaseti

Mwaka tuliokimbilia mji wa Kitshanga, mashariki mwa Kongo, kwa mara ya pili, Papa alitangaza mezani kwamba maharagwe yakishakauka ataipasua chukudu yake iwe kuni. Alilisema huku akitafuna, kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Mama hakupinga, kwa kuwa kuni zilikuwa shida na ule mti ulikuwa mgumu, ungewaka wiki nzima. Mimi nilipinga kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa asiyeijua, chukudu ni gari la mbao la magurudumu mawili, lisilo na injini wala pedali. Dereva huweka goti juu ya ubao, akasukuma kwa mguu mwingine, na penye mteremko huliachia lijiendee. Ya Papa aliichonga mwenyewe. Kwa miaka mingi aliteremka nayo kutoka kilima chetu cha Masisi mpaka soko la Kirotshe, kando ya ziwa, amebeba magunia ya maharagwe na jibini. Ndiyo iliyonisomesha. Tulipokimbia aliisukuma mbele yetu ikiwa na magodoro, masufuria na kuku wawili waliokasirika. Tangu hapo iliegemea ukuta wa nyuma, maana barabara ya kilimani ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Papa hakupenda hata kuitazama. Akienda chooni alizunguka upande wa pili wa nyumba.

Mimi nilikuwa nimetoka Goma, ambako nilisomea informatiki mpaka masomo yakasimama. Nilirudi na ordinateri, yaani kompyuta, yenye ufa kwenye kioo, kifaa kidogo cha kuandikia chipu, na hasira nyingi. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na duka la mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mtu mkarimu mwenye sola juu ya paa. Ndani alikuwa na televisheni ya mgongo mkubwa na konsoli ya zamani ya michezo, ile ya kijivu inayomeza kaseti. Kaseti zake zote zilikuwa za vifaru na ndege za kivita. Kana kwamba vita vilitupungukia!

Nikaamua kutengeneza mchezo wangu mwenyewe: chukudu inayoteremka kutoka kilima chetu mpaka Kirotshe. Niliwaza kwamba Papa akiiona ikikimbia tena, hata kwenye kioo tu, hatashika shoka. Lilikuwa wazo la kitoto, najua. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwa na wazo jingine.

Shida ni kwamba barabara yenyewe sikuijua vizuri. Utotoni niliipita nimekaa juu ya magunia, macho nimeyafumba kwa woga. Nilipomwomba Papa anieleze, alinijibu kwamba hana wakati wa michezo ya watoto. Nikaanza peke yangu. Siku moja nilihisi mtu anapumua nyuma ya shingo yangu. Papa alikuwa akimtazama dereva wangu mdogo kwenye kioo, aliyekuwa akibana breki ya mkono kama ya baiskeli.

"Ule muntu anafanya nini?"

"Anafunga breki, Papa."

"Na mukono?"

"Ndiyo, na mukono."

"Basi atakufa," akasema. Akavua kandambili, akasimama kwa mguu mmoja katikati ya chumba, akanionyesha jinsi mguu unavyokandamiza kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. "Na muguu! Chukudu inafungwaka na muguu! Mutoto wa nani wewe?"

Kuanzia hapo sikupumzika. Alichota maharagwe ya Mama, akayapanga mezani, kila punje kona moja, akanipeleka njia nzima kwa kidole. Hapa udongo unateleza hata wakati wa kiangazi. Hapa ng'ombe wanavuka wanavyotaka, na ukiwapigia kelele wanasimama. Kwenye kona ya saba alikunja suruali na kunionyesha kovu la gotini. Breki yake ilikuwa imekwisha siku ile, akaruka yeye, magunia na jibini, na jibini moja iliendelea kuviringika peke yake mpaka bondeni. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tulipotoka kwetu, na furaha ilinijaa hadi nikaogopa kuinua kichwa asije akaacha.

Mchezo ukiwa tayari huandikwa ndani ya chipu mbili zinazokaa ndani ya kaseti, vipande vyeusi vyenye miguu ishirini na minane na kidirisha cha kioo mgongoni. Ukitaka kurekebisha kosa, lazima kwanza uzifute, na zinafutwa kwa mwanga. Kule Goma kulikuwa na taa maalumu. Mimi nilikuwa na jua la Masisi, ambalo hutoka likipenda. Kwa hiyo nilizianika palipoanikwa kila kitu, juu ya mkeka wa Mama, kati ya maharagwe.

Siku ya nne mvua ilishuka bila salamu. Mama alizoa mkeka mzima kwa mikupuo mitatu, na chipu zangu zikaenda na maharagwe. Niliruka, nikapiga kelele, nikasema maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Mama alinitupia jicho moja tu, nikakaa. Halafu tukapiga magoti sote watatu na kuchambua gunia zima. Moja niliipata mimi. Ya pili aliipata Mama kesho yake mchana, mkono ukiwa tayari juu ya sufuria.

"Hii mududu yako iko na miguu mingi," akasema. "Kidogo tu tuikule."

Jumapili moja baada ya ibada, mchezo ulikuwa tayari. Nusu ya mtaa ilijibana dukani. Papa alikaa kwenye kreti ya chupa, amevaa koti lake la kanisani, akaishika maneti, kile kidude chenye vitufe vya kuchezea, kama mtu aliyepewa yai. Alianza vibaya, akagonga ng'ombe, watu wakamzomea. Mara ya pili akaanza kuiweza. Alipofika kona ya saba aliinama kushoto kwa mwili wake wote, na duka zima likainama naye. Kwenye barieri alisimama, maana nilikuwa nimechora hata barieri, vile vizuizi vya wanajeshi barabarani, kila kimoja na kamba yake inayopanda na kushuka na mwanajeshi mwenye kofia, nami nilizionea fahari sana. Papa alimwachia gunia moja, kamba ikapanda, akaendelea. Kisha ziwa likatokea, bluu tupu, na maandishi makubwa: UMESHINDA. Watu walipiga makofi, na mwenye duka akafungua biskuti.

Papa hakuiachia maneti.

"Na sasa?"

"Imekwisha, Papa. Umeshinda."

"Nimeshinda nini? Bado niko Kirotshe."

"Ndiyo mwisho wa mchezo."

"Na kurudi?" akauliza. "Mutoto wangu, muntu hashindake akifika soko. Anashindaka akifika kwake."

Madereva wote wa chukudu waliokuwa pale walitikisa vichwa kumkubalia, na nikajua nimekosea kosa ambalo mtu wa milima yetu hapaswi kulikosea. Kuteremka ni saa chache. Kurudi ni kupanda kwa miguu unasukuma mti mzito, na chumvi na sabuni juu yake, mpaka jioni. Lakini mimi katika safari zile za utotoni nilikuwa nalala juu ya ubao mara tu tulipoanza kupanda, na nilikuwa naamka tumeshafika mlangoni. Papa alikuwa amenisukuma njia nzima, na mimi sikuwahi kuiona. Niliona aibu, na wakati huohuo nilitaka kumkumbatia mbele ya watu wote.

Aliinuka akapangusa suruali. "Maharagwe imekauka," akamwambia Mama. "Hii wiki nitapasua ule muti."

Nilimwomba asubiri mpaka nimalize kurudi. Akafikiri, akanipa Jumapili mbili.

Nilirudi nyumbani damu inachemka. Chipu zilikuwa zimejaa pomoni, hapakuwa na nafasi hata ya kuchora jiwe. Nilipunguza ng'ombe mmoja, nikapunguza mawingu, haikutosha. Nilihesabu kila kitu upya na kuona mlafi mkubwa alikuwa nani: barieri zangu, na kamba zao, na wale wanajeshi wenye kofia. Nilikaa nazo siku nzima kwa sababu zilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Kisha nikazifuta zote, na nafasi ya kurudi ikapatikana. Papa nilipomwambia alisema tu, "Batoke. Nimebaonaka ya kutosha."

Chipu zikarudi juani, safari hii ndani ya kifuniko cha sufuria, na Mama akiwa mlinzi. Ukungu ulitukalia siku nyingi. Kila asubuhi Papa alitoka nje kutazama mbingu kabla yangu, akijifanya anatazama kuku.

Jumapili ya pili tulirudi dukani. Papa alishuka vizuri, akafika ziwani, na hapo chukudu ikageuka. Kupanda ilibidi abonyeze kushoto na kulia bila kuacha, ukipumzika inarudi nyuma. Jasho lilimtoka, akavua koti. Watu walimhesabia kona kwa sauti, na hapakuwa na kamba mahali popote barabarani. Juu kabisa ilitokea mikalitusi saba, halafu nyumba moja yenye mlango wa kijani ulioachwa wazi.

"Mulango yangu," Mama akasema.

Chukudu iliingia uani ikasimama. Sikuandika neno lolote. Papa aliweka maneti chini polepole, akatoka bila kutuaga, na baada ya muda kidogo tukasikia shoka nyuma ya nyumba. Nilikimbia nikavuka barabara bila kutazama pikipiki.

Papa alikuwa amechuchumaa kando ya chukudu, akikata kipande kwenye tairi kuukuu kwa shoka. Alikipima juu ya gurudumu la nyuma, akakipunguza ncha, akakipima tena.

"Leta misumari," akaniambia. "Breki iko imekwisha. Siku barabara itafunguka, sitaki kuruka tena mu kona ya saba."

Mama alitokea nyuma yangu na kuuliza sasa yeye atapikia kuni gani. Papa alinyoosha mkono tu, akingoja misumari.