Sikio la Kulia

Katika nchi za huku kwetu ziko tatu ambamo mume wangu anaweza kulisikia lori linalomjia kwa nyuma, akalisikia mapema ya kutosha kukwepa. Moja ni hii tunayoishi, Rwanda. Ya pili ni Burundi, na mpaka wake na Rwanda umefungwa. Ya tatu ni Kongo, na kwa hali ilivyo mashariki kule hakuna mwenye watoto anayekwenda kutembea kwa baiskeli. Zilizobaki, zile tulizopanga kupita, ni Tanzania na Uganda. Huko magari hupita kushoto, na mume wangu hasikii kwa sikio la kulia.

Huku kwetu Kigali baiskeli hukaa ukingo wa kulia, kwa hiyo kila kinachokupita kinakupitia kushoto, upande wa sikio lake zima. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania mambo yote yanageuka. Niliishi na jambo hili miezi mingi bila kulijua, mimi ambaye naandika kila kitu.

Safari yenyewe ilianza na utani wa baba yangu. Miaka kumi na moja iliyopita mume wangu alipokuja kwetu Bukoba kuposa, alikuja kwa basi, na wazee aliofuatana nao, na soda kreti mbili. Baba alikuwa amebeba kahawa kwa baiskeli ujana wake wote. Alimtazama mkwe mtarajiwa kuanzia viatu hadi kola, akawageukia ndugu zake, akasema, "Huyu amekuja amekaa. Sisi tulikwenda kuposa tukinyonga baiskeli, tunafika na jasho. Mtu akiona jasho anajua binti anatakiwa."

Watu walicheka. Mume wangu, Mnyarwanda aliyelelewa Bujumbura na asiyependa kushindwa kwa maneno, alijibu, "Mzee, iko siku nitakuja nikinyonga."

Baba hakusahau. Kila nikimpigia simu, baada ya shikamoo na habari za watoto, huuliza, "Mnyarwanda ameanza kunyonga?" Mwaka huu aliuliza kwa sauti ambayo ilinifanya niende kutafuta ramani. Amepita miaka themanini. Alisema, "Mwambie asije akanikuta nami nimekaa."

Nafanya kazi Muhima, katika ofisi inayopanga safari za malori. Kwa hiyo nilianza na watu ninaowajua. Kila dereva aliyekuja kuchukua karatasi zake nilimzuia dakika tano, nikafungua daftari. Wa kwanza alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mwenye kikombe chake mwenyewe cha chai ambacho haachi kwenye gari.

"Dada, unataka kujua milima ya wapi?"

"Yote. Kutoka Rusumo mpaka Bukoba."

"Kwa lori?"

"Kwa baiskeli."

Aliweka kikombe mezani. "Bosi amekata mshahara?"

Baadaye akanieleza vizuri. Madereva hawakumbuki mlima kwa urefu wake, wanaukumbuka kwa gia. Huu wa gia ya nne, huu wa ya pili, huu unakushusha mpaka ya kwanza na kusali. Nikaanza kuandika hivyo hivyo. Kwa wiki tatu daftari langu lilijaa gia za watu wengine: Ngara, Biharamulo, Muleba, halafu Bukoba, kurudi kupitia Mutukula, Masaka, Mbarara, Kabale, na kuingia nyumbani kwa Gatuna. Siku sita kwenda, siku saba kurudi. Nilikuwa naamka kitandani alfajiri kuhakikisha sikumbuki vibaya umbali kati ya kisima na kisima. Nilikuwa siwezi kula bila ramani kando ya sahani. Watoto walianza kuweka vikombe mbali nami ili nisivigonge kwa kiwiko.

Kabla hajaondoka, yule mtu wa Tanga alisema neno ambalo niliandika bila kulipigia mstari. "Mwenye baiskeli tunampigia honi mara moja. Mara ya pili hatupigi, maana tumeshamfikia."

Tulifanya mazoezi barabara ya kwenda Rwamagana. Mume wangu alikuwa mbele, mimi nyuma. Kabla sijasikia chochote aliinua mkono wa kushoto, vidole viwili, ishara yetu ya lori, na kweli, baada ya muda lori likatupita. Hakukosea hata mara moja. Nilimwambia ana masikio ya mbwa. Alifurahi kupita kiasi kwa sifa ndogo kama ile, na hilo pia nililiona, sikulifikiria.

Halafu tukaenda kujaribu mpaka. Tulipakia baiskeli kwenye basi stendi ya Nyabugogo, tukateremka Rusumo, tukagonga mihuri, tukavuka daraja, tukahamia kushoto. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi niliyobandika kwenye fremu: KUSHOTO. Tulinuia kwenda mpaka njia panda ya Benako tu, tunywe chai, turudi.

Nadhani hatukuwa tumefika nusu. Alikuwa mbele yangu kama hatua arobaini. Lori lilinipita polepole, likapiga honi. Nilitazama mkono wake. Haukuinuka. Palikuwa na shimo mbele yake, akalikwepa kuelekea katikati ya barabara, taratibu kabisa, kama mtu aliye uani kwake. Dereva akafunga breki mpaka tela likatikisika. Utingo akatoa kichwa chote dirishani.

"Mzee! Masikio umeyaacha kwa mkeo?"

Mume wangu aligeuka, akamwona kijana anayepunga mikono na kupayuka, akatabasamu, akampungia naye. Nilipomfikia alisema, "Watanzania munasalimia kweli."

Benako tulikaa kwenye benchi la mama mmoja wa chapati, na badala ya kukaa kushotoni kwake kama kawaida yetu, nilizunguka nikakaa kulia. Kawaida yetu: hapo ndipo nilipojua kwamba kawaida hiyo aliianzisha yeye. Kanisani, sebuleni, kwenye basi, kila mara alikuwa ananisogeza kushoto kwa kiganja, na mimi nikachukulia ni mapenzi.

Nikasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Chapati yako imeanguka."

Aliendelea kukoroga chai.

"Nasema chapati imeanguka."

Mama wa chapati ndiye aliyeinama kutazama chini ya benchi.

"Sikio iko sawa," alisema nilipomwambia. "Ni upepo tu."

"Tumekaa. Hakuna upepo."

Akamaliza chai. Kisha akasema ni tairi. Ana karakana Gikondo, na mwaka juzi tairi la lori lilimpasukia kando ya kichwa wakati analijaza upepo. Nilikumbuka siku ile; alirudi amejaa vumbi, akasema kimepasuka kitu, akaomba chakula. Sikio lilipiga filimbi wiki mbili, halafu filimbi ikanyamaza na kila kitu kingine nacho kikanyamaza. Hakuniambia kwa sababu ningempeleka hospitali. Kule wangemwambia aache karakana, na mtu wa miaka hamsini akiacha karakana anaanza nini?

Turudi nyuma kidogo kuhusu zile ishara za vidole viwili. Nilidhani alikuwa anajigamba. Sasa naamini alikuwa anajipima.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa masikio, binti mpole aliyemchorea picha kwenye karatasi ya dawa. Alisema sikio moja linatosha kujua kuna sauti. Kujua inatoka wapi, na iko mbali kiasi gani, kunahitaji mawili. Ukiweka na upepo wa barabarani, kichwa chenyewe kinakuwa ukuta. Kuna kifaa kidogo ambacho huvaliwa sikio bovu na kupeleka sauti kwenye sikio zima. Watu wengine huwasaidia sana, wengine hawawezi kukizoea. Lazima kijaribiwe.

Mume wangu alimshukuru, akatoka, akaniambia kwenye ngazi, "Basi kule nitapita upande wetu."

"Upande upi?"

"Kulia. Malori yanakuja mbele, ninayaona kwa macho. Sikio ya nini?"

"Upande wetu unaishia darajani."

"We Mutanzania, unafurahi."

"Ukikutana na lori kwenye kona, uko upande wake, dereva atafikiri wewe ni mbuzi. Mbuzi angalau watu hulipwa."

Alicheka, nami nikacheka, na hatukuwa tumekubaliana.

Nilichukua daftari upya. Nilifuta njia ya Biharamulo kwa sababu malori ya mizigo yanapita huko, nikachora ya Karagwe mpaka Kyaka, ambayo madereva waliniambia ina vumbi na milima ya kusali lakini haina foleni ya matela. Nikaweka mimi mbele na yeye nyuma, nikafuta. Mtu wa nyuma ndiye anayegongwa. Nikaweka yeye mbele na mimi nyuma na filimbi, tukajaribu filimbi Gikondo, akasimama kila nilipopuliza na kugeuka upande usio sahihi. Jirani mmoja Mkongomani alitoka kuuliza kama kuna mechi.

Nikanunua kioo cha kutazama nyuma.

"Retro ni ya motari," alisema, akimaanisha wale wa pikipiki za abiria. "Mimi natafuta abiria?"

Lakini alikifunga mwenyewe, kulia, kwa bolti mbili, vizuri kama anavyofunga kila kitu. Tukaenda tena barabara ya Rwamagana kufanya mazoezi ya kukitazama. Baada ya kilomita chache alisimama akacheka peke yake. Kioo cha kulia nchini Rwanda kinaonyesha mtaro. Mtaro, nyasi, na mara mtoto na ndoo. Hakuna lori litakalopita humo, kwa hiyo hakuna namna ya kukizoea hapa. Mazoezi yake yako ng'ambo ya daraja tu, na ng'ambo ya daraja si mahali pa kujifunzia.

Alikaa ukingoni, akaanza kunitajia njia nyingine, ile ambayo sijawahi kumwomba. Kigali, Muhanga, Huye, Kayanza, halafu mteremko mrefu mpaka Bujumbura ziwa likiwa mbele yako. Aliitaja kona kwa kona. Alisema, "Ile ningesikia hata nzi." Kisha akapanda baiskeli akanyonga kwa nguvu kurudi mjini, vidole viwili vikiinuka kwa kila lori, hata yale niliyokuwa nimeshayaona.

Sikumwambia baba. Mume wangu alinikataza. "Mkwe kiziwi? Atanicheka mpaka kaburini, yangu au yake." Kumbe mume wangu naye alikuwa na la kwake alilonificha. Jumapili iliyopita baba alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi kwa kuogopa kumaliza salio.

"Mnyarwanda amenipa tarehe," alisema. "Jumatatu baada ya wiki mbili anatoka, Jumamosi anaingia. Nimeshamwambia padre. Nimewaambia na akina fulani waliobeba kahawa na mimi, wamebaki wawili, watakuja kukaa barabarani."

Nilimuuliza mume wangu. Alikuwa anapaka mnyororo mafuta na hakuinua kichwa, na nilikuwa upande wa kushoto, kwa hiyo alisikia.

"Mvua zikianza ile vumbi ya Karagwe inakuwa matope," alisema. "Na mzee hangoji."

"Kifaa wanakuwekea Alhamisi. Alhamisi baada ya hiyo Jumatatu yako."

"Najua."

"Unajua na ukampa tarehe."

"Kama ningengoja Alhamisi, na Alhamisi kifaa kikatae, ningempa nini?"

Nilisema bila kifaa hatuondoki. Alisema tutaondoka. Tulisema hivyo mara mbili kila mmoja, kwa utaratibu, kama watu wanaosomeana namba za gari, halafu nikaenda kupika.

Jumatatu hiyo imebakisha siku kumi na mbili. Mifuko ya baiskeli imeshashonwa, paspoti ziko kwenye mfuko wa nailoni, na ramani ya Karagwe nimeichora mara mbili, ya kwangu na ya kwake. Asubuhi ya leo nilipiga simu hospitali kuomba miadi iwekwe kabla ya Jumatatu hiyo. Aliyepokea alisema kuna mgonjwa mmoja anayeweza kuahirisha, atamuuliza, kisha atanipigia kabla ya saa kumi. Sasa ni saa kumi na moja kasoro robo. Hajapiga.