Kadi Iliyokatwa Pembe

"Katika kanisa hili hakuna anayekohoa nisijue."

Aliyasema hayo fundi viatu mmoja, mzee wa kanisa, mbele ya watu mia mbili, siku alipotimiza miaka ishirini ya kuwatembelea waumini majumbani. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama bila yeye. Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma akakohoa makusudi, watu wakaangua kicheko, naye akamwonyesha kidole bila hata kufikiri: "Wewe ni vumbi la mbao. Nilikuja kwako Jumatano." Wakapiga makofi. Haki yake. Siku ile ilikuwa kweli.

Walimwita Hodi, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kila mahali, hata nyumbani kwake mwenyewe. Saa kumi jioni alifunga kibanda, akanawa mikono kwa mafuta ya taa ili gundi itoke, akapita ofisi ya kanisa kuchukua kadi tano kwenye sanduku la mbao. Kila muumini alikuwa na kadi yake: jina, mahali anapokaa, namba ya ushirika, na nyuma yake maneno machache ya penseli kwa mwandiko wa Hodi. "Mgongo." "Hasemi na mkwewe." "Usimuulize habari za mtoto wa pili." Kadi tano, milango mitano. Hakwenda kuhubiri. Anayetaka mahubiri, alisema, Jumapili ipo na viti havina kodi. Yeye alikaa, akanywa maji, akasikiliza, akaomba sala fupi, na kabla ya kutoka akatupia jicho viatu vya mwenye nyumba. Mara nyingi aliondoka na kiatu kimoja kwapani. Kiatu kikipona kitarudi, na kikirudi yeye naye amerudi. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake, na hakuna chuo cha theolojia kinachoifundisha.

Halafu kanisa likakua na magoti yakazeeka, yote kwa wakati mmoja. Ibada moja ikawa tatu. Akaja mchungaji mpya, kijana mzuri, tatizo lake moja tu: alikuwa na mpango. Mpango uliitwa Misheni Kuu. Mabasi mawili ya waumini, kwaya, na vipaza sauti vyenye ukubwa wa kabati vingekwenda mji wa mbali kuwatafuta waliopotea. Mpango ulihitaji kamati, kamati ilihitaji kamati ndogo, na zote zilihitaji wazee wa kanisa wa kukaa na kuitikia. Kadi tano za Hodi zikawa tatu, tatu zikawa moja, mwishowe akawa anazitoa kwenye sanduku, anazitembeza mjini mfukoni kama watalii, na kuzirudisha.

"Leo umemtembelea nani?" mkewe alimuuliza jioni moja, akimkanda goti.

"Kiti."

"Kinaendeleaje?"

"Kina mgongo kama wangu."

"Waambie basi kwamba umechoka, baba. Si dhambi."

"Niwaambie nini? Nilisema kwenye kipaza sauti."

Miongoni mwa kadi zilizotembezwa hivyo ilikuwamo ya Mama Swichi, mjane aliyefanya kazi ya kuunganisha simu hospitalini mpaka alipostaafu, na aliyeimba sauti ya pili kwayani kwa miaka thelathini na mmoja. Alikaa peke yake ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ni shimo lililopigiliwa mbao. Kanisani alikuwa hajaonekana kwa miezi minne. Jumanne ya kwanza Hodi alisimama chini akaita "hodi" kuelekea juu, kana kwamba ghorofa nne ni pazia. Jumanne ya pili alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akapumzika, akaenda zake. Jumanne ya tatu akakuta watu wanapanga viti vya kukodi mlangoni.

"Tumemzika jana," alisema mwanamume aliyekuwa akivihesabu. "Bibi wa ghorofa ya nne."

Ghorofa ya nne ina milango minne. Swali lilikuwa dogo: bibi wa mlango upi? Lakini mtu anayejua kila kikohozi atauliza vipi nani amekufa? Hodi alivua kofia.

"Ndiyo," akasema, "habari nilizipata."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa maneno matatu yaliyotamkwa kwa adabu.

Kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake. Muumini akifariki, kadi yake hukatwa pembe na kuhamishiwa sanduku la pili, na kila baada ya miezi mitatu mzee wa kanisa huzisoma kadi zilizokatwa, ushirika ukisimama kimya dakika moja. Hodi aliikata kadi ya Mama Swichi kibandani, kwa kisu cha ngozi, pembe safi kabisa. Kipande kikadondokea kwenye vipande vya soli na jioni kikafagiliwa pamoja navyo. Jumapili akasoma jina. Watu mia nne wakasimama. Wanawake wawili wa sauti ya pili walilia.

Jumatatu mmoja wao akapiga simu nyumbani kwa wafiwa kutoa pole. Simu ikapokelewa na marehemu.

Mchungaji alimwita Hodi ofisini saa hiyo hiyo. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mzee, haya hutokea. Tutasema ni makosa ya uchapaji."

"Haikuchapwa, mchungaji. Niliisoma mwenyewe, kwa mwandiko wangu."

"Jumapili hii tunawaombea wanaokwenda Misheni. Sitaki watu wachanganyikiwe. Pumzika kidogo. Kazi ya kadi tunaweza kuifanya kwa ujumbe wa simu."

Hodi aliiangalia kadi mkononi. Isingechukua zaidi ya dakika moja kukubali. Angepumzika kweli, magoti yangemshukuru, na mkewe pia. Ila yule mama angebaki juu, hai, huku nusu ya mji ikiamini kwamba amekufa na nusu nyingine ikiamini kwamba printa imekosea.

"Nitakwenda kwanza," alisema.

Alipanda saa tisa mchana. Ghorofa ya kwanza alipumzika kwa heshima, ya pili kwa lazima. Ya tatu alikaa chini kabisa, na mtoto aliyekuwa akishuka akamruka kama kreti ya soda. Ya nne alifika akiwa hana pumzi ya kusema neno lake, kwa hiyo akabisha mlango tu.

"Nani?"

Alisubiri pumzi irudi. "Hodi."

"Nani amekwambia maiti hufungua mlango?"

"Dada, nimepanda ngazi zote."

"Hongera. Wenzako wa kubeba jeneza wako wapi, au umekuja kupima urefu?"

Kufuli likazunguka hata hivyo. Mama Swichi alikuwa ameegemea kiti cha mbao alichokisukuma mbele yake hatua kwa hatua. Nyonga ilikuwa imevunjika bafuni miezi minne nyuma. Chumba kilikuwa safi, na kila kitu kilikuwa kimeshushwa kifike urefu wa mkono wa mtu aliyekaa: sufuria, redio, kitabu cha nyimbo. Mkate aliuvuta dirishani kwa kamba na kikapu. Aliyemletea chakula siku zote hizo alikuwa jirani wa mlango wa pili, bibi mwenzake, asiyekuwa wa kanisa lolote. Ndiye aliyezikwa.

"Mlisimama dakika ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Miaka thelathini na mmoja ya sauti ya pili. Moja."

"Ndio utaratibu, dada."

"Nasikia mnakwenda na mabasi kuwatafuta waliopotea."

"Ndiyo."

"Mimi sikupotea, Hodi. Nilikuwa ghorofa ya nne."

Alitaka kumwambia habari za magoti. Akaiona ile nyonga. Akatoa kadi mfukoni, akaiweka mezani, pembe iliyokatwa ikimwelekea yeye mwenyewe.

"Nilikaa kwenye swichibodi miaka ishirini na sita," alisema Mama Swichi, akiigeuza kadi. Nyuma, kwa penseli, palikuwa pameandikwa: "Hapendi kuhurumiwa." "Mtu anapiga, namwambia subiri, naunganisha. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, asiachwe hewani. Mimi nilidhani kanisa nalo ni hivyo. Sikujua kwamba mnaweza kukata laini na kuniimbia."

"Nilidanganya. Sikupita ngazi ya kwanza. Niliambiwa bibi wa ghorofa ya nne, nikasema najua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka. Na niliona aibu kuchoka."

Mama akainamisha sikio, kama mtu anayesikiliza iwapo laini imeshika.

"Msinitangazie mambo ya uchapaji, yule wa kwaya amenipigia tena akanieleza. Uliniondoa kwa kipaza sauti, utanirudisha kwa kipaza sauti. Wewe, si mchungaji. Na useme ulifika ngazi ya ngapi. Usiposema, kaa na kadi yako, mimi sirudi hata nyonga ikipona."

Hodi alipokuwa anatoka akatupia jicho viatu, kwa mazoea. Kimoja tu kilikuwa mlangoni, kisigino kimelika upande.

"Chukua," alisema Mama. "Lakini kirudi."

Jumapili mabasi yalikuwa yameshaegeshwa nje, na vipaza sauti vimefungwa kamba. Mchungaji alimwona Hodi akija mbele akatikisa kichwa kidogo. Hodi akafika hivyo hivyo, polepole, kwa sababu hakujua kwenda kwa namna nyingine tena. Akasoma jina la Mama Swichi, namba yake ya ushirika, na ghorofa.

"Yuko hai," akasema. "Amekuwa hai miezi minne. Alivunjika nyonga, sisi tukamsimamia dakika moja. Sikupanda ngazi. Nilifika ile ya kwanza, nikakaa. Nilipoambiwa kuna aliyekufa nikasema najua, kwa sababu niliwahi kuwaambia hapa kwamba najua kila kitu. Sijui. Nimechoka, na kadi ziko mia nne."

Hakuna aliyekohoa.

Mabasi yaliondoka, yamechelewa dakika kumi. Mchungaji alikwenda nayo, ila alikuwa amekalia kiti cha nyuma, mahali ambapo si pa wachungaji. Wanawake wawili wa sauti ya pili walibaki. Mmoja ana magoti mabaya kuliko ya Hodi. Walimuuliza jengo ni lipi, na ngazi zina mahali pa kushika au hazina. Hodi akawapa kadi, moja moja, na bado sanduku lilionekana limejaa vilevile.

Jumatatu akapita ofisini. Karani alifungua fomu.

"Kadi mpya. Sababu?"

"Ilikatwa."

"Hapa kuna 'imepotea' na 'imeharibika'."

"Imeharibika."

"Na nani?"

"Na mimi."

Karani akaandika, akapiga muhuri, akamsogezea. Hodi akaweka kiatu cha Mama Swichi mezani ili apate mkono wa kuingiza mfukoni. Kisigino kilikuwa kipya. Kadi mpya ni shilingi mia tatu.