Karatasi ya Mia Mbili na Kumi na Tatu

Maktabani walimwita Mama Sentimita, na alijua, na wala hakuona ubaya. Alikuwa mwandishi wa orodha ya vitabu vya kale, vile vilivyochapwa zamani hizo mashine za kuchapa zenyewe zikiwa bado changa. Kila kitabu alikieleza kwenye kadi yake: urefu, jalada, matundu ya wadudu, madoa, majina ya waliowahi kukimiliki, na idadi ya karatasi. Hapo kwenye karatasi ndipo penye kazi. Vingi vya vitabu hivyo havina namba za kurasa, kwa hiyo unakaa unahesabu moja moja, na mtu akikusemesha njiani unaanza upya. Wenzake walishajifunza. Jengo lingeshika moto, wangesubiri amalize.

Shida ni kwamba kazi hiyo alirudi nayo nyumbani. Siku moja mumewe alimwuliza kama shati linamkaa vizuri, akajibiwa kwamba jalada halina neno, ila mgongo umelegea. Na binti yao, maskini, alishaleta wachumba wawili, wote wakarudishwa. Wa kwanza, mama alisema, ana mbwembwe nyingi ukurasa wa mbele na ndani hamna kitu. Wa pili alikuwa mzuri kila upande, hana doa hata moja, na hapo ndipo mama alipokataa katakata, maana kitabu cha kale kisicho na doa lazima kimeungwaungwa kutoka vitabu vitatu. Binti alilia siku mbili. Sasa alikuwa na wa tatu, fundi friji, na huyu alimpenda hasa. Akaapa kwamba mama akimkataa na huyu, hataleta mwingine maisha yake yote.

“Mwambie aje kazini kwangu,” mama akasema. “Nyumbani watu wanajifanya.”

Binti akampa fundi agizo moja tu: chochote atakachosema mama, kubali.

Fundi akafika saa nne asubuhi, amechomekea, akaamkia vizuri mlangoni. Hakupewa hata kiti. Mkoba kabatini, na simu humo humo. Kalamu ya wino lete hapa, utapewa penseli. Nenda kanawe mikono, na ukaushe mpaka katikati ya vidole. Akanawa, akarudi, mikono ikakaguliwa pande zote kama ya mtoto wa chekechea. Ndipo akawekewa kitabu kimoja kinene, kimelazwa juu ya mto wake wa sponji, na kando yake kadi yake.

“Hesabu karatasi,” Mama Sentimita akasema. “Na usilambe kidole.”

Jamani, mtihani gani huo? Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kadi, pale pale chini ya pua yake: karatasi 213. Mama alitaka tu kuona kama kijana anaweza kutulia nusu saa bila kuulizia simu.

Fundi akahesabu, midomo ikichezacheza. Akamaliza, akaitazama kadi, akaanza upya. Mama akajifanya anachonga penseli. Mara ya pili akamaliza, akaitazama kadi tena, na jasho likaanza kumtoka, akasogeza kiti nyuma lisije likadondokea kitabu. Hilo mama aliliona na likampendeza, ila hakuonyesha. Kufikia mara ya tatu, penseli ya mama ilikuwa imebaki kipisi kisichoshikika.

“Haya, baba, ngapi?”

“Shikamoo, mama.”

“Ulishaniamkia. Ngapi?”

“Mia mbili na kumi na mbili.”

Mama Sentimita alihisi damu inampanda kichwani. Wataalamu wangapi wamekalia meza ile, na miwani yao minene, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsahihisha.

“Kadi inasemaje?”

“Kumi na tatu, mama.”

“Sasa?”

“Sasa mimi nimepata kumi na mbili, unisamehe. Nikifungua friji huwa nahesabu skrubu, na nikifunga nahesabu tena. Siwezi kusema zimetimia wakati hazijatimia. Friji ya watu itatetemeka mpaka ihame jikoni.” Alisema hivyo huku akiutazama mkoba wake kule kabatini, kama mtu anayejua kinachofuata.

Mama akavuta kiti, akahesabu mwenyewe. Mia mbili na kumi na mbili. Akakasirika, akahesabu kuanzia nyuma. Ikawa ile ile. Akainyakua kadi aone mpuuzi gani aliyeiandika, utadhani hajui mwandiko wake, akaigeuza upande wa nyuma inapoandikwa tarehe ya kuhesabu. Akaisoma, na hasira zote zikamwisha.

Ilikuwa tarehe aliyozaliwa binti yake.

Yakamrudia yote. Miaka ishirini na sita iliyopita, meza hii hii, tumbo kubwa limemzuia kukisogelea kitabu, na uchungu ukamshika katikati ya hesabu. Alifunga kitabu juu ya kidole chake, akapumua, akafungua, akaendelea. Mkuu wa maktaba alimbembeleza waende hospitali, naye akamnyamazisha kwa mkono kwa sababu alishafika mia na tisini. Ile karatasi iliyokuwa chini ya kidole aliihesabu mara mbili, hakuna maelezo mengine. Akaandika 213, akapanda gari, na saa sita mchana akawa mama wa mtu. Alicheka peke yake pale kitini, na machozi yakamlengalenga, akasogeza na yeye kiti nyuma.

Fundi friji akaanza kuogopa kwa namna nyingine. “Mama, nichukue kifutio?”

“Usiiguse hiyo namba. Andika mia mbili na kumi na mbili chini yake, halafu weka jina lako. Anayesahihisha kadi anaweka jina.”

Kijana akaandika kwa mwandiko wa uangalifu mkubwa. Kisha, kwa kuwa ni fundi na kitu kisipotimia hakimpi raha, akauliza, “Na ile moja iliyozidi, mama?”

“Ile moja iko nyumbani, imekalia simu tangu asubuhi,” Mama Sentimita akasema. “Mpigie umwambie nimekubali.”

Nusu ya kwanza ya maneno hayo fundi friji hakuielewa kabisa, lakini ile ya pili aliielewa vizuri, akakimbilia mkoba wake kabatini.