Ndururu Nilizosugua kwa Majivu

Tulikuwa wanne nyumbani kwangu Soweto East: mimi, mjukuu wangu Beatrice aliyezaliwa na binti yangu Rosa, jirani yangu Mama Auma, na Njuguna, mnunuzi wa sarafu za zamani kutoka Kawangware 56. Alikuja kuona ndururu kumi, zile senti tano za zamani, alizoacha marehemu mume wangu Zakayo, zimefungwa kwenye leso. Nilitaka zimnunulie Beatrice cherehani.

Kwa simu Njuguna alikuwa ameniambia, "Shosho, shaba ikiwa bado nyekundu, bei ni nzuri. Ikigeuka kahawia, inashuka."

Nikaona dawa ninayo. Asubuhi nilizisugua kwa majivu na ndimu kama sufuria za harusi, zikang'aa.

Njuguna alizitazama moja moja. Kisha akaikung'uta leso, ikaanguka ndururu moja iliyokuwa imejificha kwenye pindo. Akaielekeza dirishani. Ee Mungu wangu! Wekundu ulitoka ndani kabisa kama makaa yakipulizwa, na mwanga ukaizunguka polepole. Miaka yote hiyo Zakayo alifunga moto kwenye kitambaa, nami sikujua.

"Hii ndiyo nyekundu," akasema. "Wekundu huu ukitolewa haurudi. Nitanunua hii moja tu. Hizi tisa nani amezisugua?"

Beatrice akainama. Cherehani ilikuwa imetuponyoka. Nikafungua mdomo nisingizie panya, lakini Mama Auma akanitangulia:

"Si wewe Shosho ulikuja kwangu kuomba majivu?"

Majivu nakiri niliomba; ndimu nadhani ilikuwa moja. Mnaokumbuka vizuri kuliko mimi, nirekebisheni.